Mchezo wa Magari na Gari Lenyewe

Mazungumzo yaliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Kamati iliponiandikia kwamba niseme machache, iliniachia uhuru wa kuchagua jambo. Mwenzangu aliyenitangulia amezungumzia bei ya korosho, na kabla yake tumesikia habari za paa la bwalo. Mimi ni fundi wa magari na dereva. Kazi hiyo nimeifanya kati ya Masasi, Newala na Mtwara kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo msitarajie nizungumze juu ya kitu kingine. Lakini sitaki kuwachosha wazee wenzangu kwa hadithi za malori yaliyokwama, maana wanazo zao za kutosha. Nataka niseme juu ya jambo linalowahusu zaidi hawa walio kwenye nyasi, yaani michezo ya simu na ya kompyuta inayoiga uendeshaji wa magari, na ni kwa kiasi gani mtu aliyeijua michezo hiyo anaweza kusema kwamba amelijua gari.

Najua kwamba simu haziruhusiwi shuleni, na sitauliza zimefichwa wapi. Lakini likizo zipo, na wakati wa likizo mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha nne katika shule nyingine, huja kwangu Newala na simu yenye mchezo uitwao Bus Simulator Indonesia. Mchezo huu ulitolewa na kampuni ya Maleo ya Indonesia mwaka 2017. Kwa kuwa unamruhusu mchezaji kubadili rangi za basi, vijana wa Tanzania na Kenya wameyapaka mabasi yale ya Kiindonesia rangi za mabasi ya kwetu, hata ukitazama kwa mbali unadhani basi la Dar es Salaam limekwisha ingia stendi. Mpwa wangu analiendesha kwa kidole gumba. Anapiga honi, anashusha abiria, analipita lori kilimani, kisha ananigeukia: “Mjomba, lini utanipa gari?”

Sisi watu wa huku tunajua mjomba ni nani. Ukiulizwa na mpwa huwezi kujibu kwa mzaha. Basi nililichukua swali lile kwa uzito wake, nikaanza kuichunguza michezo yenyewe. Nimeicheza. Kaka yake mkubwa, ambaye nitamtaja tena baadaye, ana kompyuta na usukani wa mchezo wenye mota ndani yake, ambayo huusukuma usukani mikononi mwako kadiri gari linavyoyumba. Nimeukalia usukani huo usiku kucha, mke wangu akidhani nimerudi utotoni.

Wapo wazee wenzangu wanaosema kwamba hayo yote ni ya kitoto. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 1997 Wajapani walitoa mchezo wa Gran Turismo, ulioongozwa na Kazunori Yamauchi, na tangu hapo watu wengi ambao hawajawahi kushika usukani wamejua mambo ambayo sisi tuliyapata kwa kupigwa kofi na dereva mkuu. Mwaka 2008 kampuni ya Nissan ikishirikiana na wenye PlayStation ilianzisha shindano la kuwatafuta wachezaji hodari wa mchezo huo na kuwafanya madereva wa kweli. Mshindi wa kwanza, Mhispania Lucas Ordóñez, alikuwa katika timu iliyopata nafasi ya pili ya daraja lake kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 2011. Mwingereza Jann Mardenborough, aliyeshinda mwaka huo huo wa 2011, alihesabiwa wa tatu katika daraja lake huko huko Le Mans mwaka 2013. Hao hawakubahatisha. Kitu walichojifunza chumbani kilikuwa kweli.

Kitu chenyewe ni hiki. Gari zima, uzito wake wote, limeshikwa na vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na upana kama wa kiganja. Ukikanyaga breki uzito hukimbilia mbele. Ukikanyaga mafuta hurudi nyuma. Ukikata kona huenda ubavuni. Tairi lililobeba uzito hushika, na lililopunguziwa uzito huteleza. Mchezo mzuri hupiga hesabu hizo mara mamia kwa kila sekunde. Ule uitwao iRacing, uliotoka mwaka 2008, huzipiga mara 360. Na hesabu ya tairi yenyewe ina historia yake. Profesa Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, pamoja na wenzake wa kampuni ya Volvo, waliitoa mwaka 1987. Kwa ufupi inasema kwamba mshiko wa tairi huongezeka kadiri linavyolazimishwa kuteleza kidogo, hufika kileleni, kisha huanguka. Dereva hodari ni yule anayekaa karibu na kilele bila kukivuka. Mchezo hukufundisha kilele hicho kiko wapi, tena bila kuua mtu. Hukufundisha vilevile kutazama mbali, mwisho wa kona, badala ya kutazama boneti. Dereva aliyenifundisha mimi alichukua miezi sita kunitoa macho kwenye boneti.

Kwa hiyo msije mkaondoka hapa mkasema mzee yule amepinga michezo.

Sasa nije kwenye upande wa pili. Katika Gran Turismo ile ya kwanza, gari likigonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa liliruka kidogo, likaendelea na safari bila hata mkwaruzo. Uharibifu wa magari unaoonekana kwa macho uliingia katika mfululizo ule na toleo la tano tu, mwaka 2010. Lakini hata mchezo unaobonyeza bampa na kupasua rejeta una upungufu ambao sijaona ukizibwa. Magari mawili ya namna moja ndani ya mchezo ni gari moja. Ukichagua Toyota ya bluu na mwenzako akachagua Toyota hiyo hiyo nyekundu, mmechagua rangi tu. Nendeni stendi ya Masasi mkatazame Hilux mbili zilizotoka kiwandani mwaka mmoja. Moja imebeba mawe ya ujenzi miaka kumi. Nyingine ilikuwa ya daktari. Moja ilipinduka ikanyooshwa kwa nyundo. Moja imefungwa springi za lori ili ibebe zaidi, na tangu siku hiyo ikiwa tupu huruka kama mbuzi. Jina ni moja, lakini ni magari mawili. Gari la mchezo halina lililokwisha lipata. Gari la kweli ni yale yote yaliyokwisha lipata.

Watu waliolijua jambo hili kuliko wote katika Afrika Mashariki ni wale wa mashindano ya Safari. Wenzangu wa umri wangu wanakumbuka tulivyokuwa tukikusanyika redioni wakati wa Pasaka. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na katika miaka ya 1960 yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, karibu kilomita 5,000, katika barabara zile zile za ng’ombe na malori ya mkonge. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na yaliyomaliza yakawa 7 tena. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404, gari ambalo ungeliona limebeba familia likienda harusini. Naye Joginder Singh wa Kenya, fundi aliyekulia katika gereji ya baba yake, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumiwa na wengine katika mashindano ya nyuma. Fikirini: wenye viwanda wamekuja na magari mapya, na mtu anawashinda kwa gari la mkono wa pili. Alishiriki Safari mara 22 akamaliza mara 19. Hayo huyapati kwa kukimbia peke yake. Huyapati mpaka ukisikia mlio mpya chini ya sakafu ujue ni boliti gani inayolegea.

Safari imeingia katika michezo pia. Mchezo wa pili wa Colin McRae, uliotoka mwaka 2000, ulikuwa na Kenya ndani yake, na McRae mwenyewe aliishinda Safari mara tatu, 1997, 1999 na 2002. Richard Burns aliishinda 1998 na 2000, lakini mchezo wenye jina lake wa mwaka 2004, ambao wajuzi wengi wanausifu kwa ugumu na ukweli wake, ulitolewa bila njia hata moja ya Kenya. Mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, michezo nayo ilikuwa imekwisha mrudisha Mkenya na vumbi lake. Nimeendesha njia hizo kwenye kompyuta ya mpwa wangu. Vumbi ni zuri sana. Pundamilia ni wazuri. Lakini katika mchezo unakimbia dakika chache, unafika, unaanza upya na gari jipya. Safari ya zamani ilikuwa siku nyingi na gari moja, na kila kilomita ilikuwa inalibadili.

Niruhusuni niwape mfano wa gari moja nililolijua vizuri kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu. Ni Landrova ndefu, ile tuliyoiita mia moja na tisa kwa urefu wa inchi kati ya ekseli na ekseli, iliyotengenezwa mwaka 1974. Niliikuta ikiwa na umri wa kutosha, nami nikaiendesha miaka kumi na moja.

Landrova za namna ile zilikuwa na gia ya kawaida, na pembeni yake vitu viwili, kijiti chenye kichwa cha njano na mkono wenye kichwa chekundu. Cha njano ukikibonyeza chini, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Chekundu ukikivuta nyuma, gari linaingia katika gia za chini, linatambaa kama kobe na linapanda popote. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti, umelikalia. Haya yote yameandikwa katika kitabu cha gari. Yasiyoandikwa ni haya. Usukani wake ulikuwa unacheza, kiasi cha vidole vitatu kwenda kulia na vitatu kwenda kushoto kabla magurudumu hayajajua kwamba umesema neno. Vijana, angalieni ajabu hii: katika mchezo usukani hauchezi, na katika gari usiotakiwa kucheza ndio unaocheza. Mgeni akiikalia aliikimbiza huku na huku barabarani kama mlevi, kwa sababu alikuwa anasahihisha kila kitu. Sisi tuliiacha itangetange ndani ya vidole vyake vitatu, ikaenda sawasawa.

Pili, asubuhi ya kwanza, au baada ya kuvuka maji, breki zake zilivuta kulia. Ulitakiwa uzikanyage kidogo mara tatu au nne kabla ya kuzihitaji. Tatu, saa nane mchana, tukipanda kutoka bondeni na mzigo, petroli iligeuka mvuke ndani ya bomba kwa joto, injini ikakohoa na kuzima. Dawa yake ni kitambaa kilicholowa maji, unakifunga kwenye pampu ya petroli na kungoja. Kwa wale ambao si wa huku, niseme kwamba juu ya uwanda wa Makonde maji hayapatikani ovyo. Mvua ikinyesha huzama mchangani, na mama zetu tangu zamani walishuka mabondeni kuyafuata. Kwa hiyo kulikuwa na mabishano makali ndani ya gari kuhusu dumu la maji, kama ni la abiria au la pampu. Mara nyingi pampu ilishinda.

Na la nne ndilo lililokuwa la hatari. Gia ya tatu ilikuwa inaruka. Ukipanda, haina neno. Ukishuka, ukiachia mafuta ili injini ilishike gari, gia ilitoka yenyewe ikakaa katikati, na gari zito likabaki halina kitu cha kulizuia ila breki. Kila aliyeiendesha Landrova ile alishuka mteremko akiwa ameishikilia gia ya tatu kwa mkono wa kushoto au kuibana kwa goti, au, kama ni mwenye busara, alikuwa amekwisha ingiza ya pili kule juu kabla ya kuanza kushuka. Hilo halikuandikwa popote. Utingo alimwambia dereva mpya, dereva mpya akamwambia anayemfuata.

Wengi wenu mmesimama Shimo la Mungu pale Newala mkatazama nchi inavyokatika ghafla chini ya miguu yenu hadi Ruvuma na Msumbiji ng’ambo. Uwanda wetu ni meza, na meza ina ukingo. Ukitoka Newala kuja huku Masasi, mahali fulani lazima ushuke ukingo huo. Walimu wa fizikia watanisahihisha, lakini gari na mzigo wake vikiwa kilo 2,500, kila mita 100 za kushuka zinatoa nishati ya juli 2,450,000. Kama injini haikuichukua nishati hiyo, breki zitaichukua, nazo hazina pa kuipeleka ila kuigeuza joto. Joto hilo linatosha kuchemsha karibu lita 8 za maji kutoka baridi ya asubuhi. Na mteremko wetu si wa mita 100 tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilishuka mteremko huo na yule mpwa wangu mkubwa, mwenye usukani wa mota. Alikuwa amekwisha pata leseni, na kwa haki kabisa. Tulikuwa na Hilux yenye karibu tani moja ya muhogo mkavu, tukiuleta sokoni Masasi. Juu kule nilimwambia neno ambalo kila dereva wa zamani alilijua: gia unayopandia mlima ndiyo ya kushukia. Aliitikia, “Ndiyo, mjomba,” akaingiza ya tatu. Nikanyamaza, nikaweka mkono karibu na breki ya mkono, nikatazama.

Katika kona ya pili, juu ya kokoto zilizolegea, sehemu ya nyuma ilitoka. Kabla sijafumbua mdomo, kijana alikuwa amekwisha geuza usukani kuifuata, kidogo tu, akaurudisha kwa wakati wake, na gari likanyooka. Nawaambieni kweli, nilijivuna. Katika umri wake mimi nisingeweza, na wengi wa wazee waliokaa huko nyuma wasingeweza pia. Ule ulikuwa mchezo wake ukifanya kazi.

Lakini nilikuwa nimekwisha anza kusikia harufu, kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Yeye hakuisikia, au aliisikia akadhani ni ya mashambani. Kona iliyofuata nikaona mguu wake unashuka chini zaidi ya mwanzo.

“Mjomba, breki zinaisha?”

“Haziishi. Zimechoka. Pangua gia.”

Akapangua hadi ya pili, injini ikanguruma kwa sauti ambayo ilimtisha kuliko mteremko wenyewe. Akataka kuirudisha ya tatu ili asiiue. Nikamwambia aiache ipige kelele, kelele ile ndiyo breki yetu sasa. Tukateremka hivyo hivyo hadi mahali palipo sawa, tukasimama, tukaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Alichukua dumu akitaka kumwagia dramu maji, nikamzuia, maana chuma chenye moto ukikipiga maji baridi kinaweza kupasuka. Tulikaa chini ya mkorosho saa nzima. Baadaye kijana akasema, “Mchezoni hakuna harufu.”

Nimewahi kuitwa kuyavuta magari kutoka chini ya mteremko ule. Sitaeleza nilivyoyakuta, kwa kuwa watoto wapo. Nitasema tu kwamba mara nyingi dereva hakuwa mgeni wa barabara. Aliijua tangu utoto. Alikuwa mgeni wa gari. Ameliazima kwa rafiki kwenda msibani, au mwenyewe ameumwa na kumpa funguo, na hakuna aliyemwambia kwamba gia yake inaruka au breki zake zinachoka mapema. Mwenye gari hakuficha kwa ubaya. Alikuwa amelizoea hata hakumbuki tena kwamba ni kasoro. Ndiyo maana ukiazimwa gari, maswali ya petroli yapo na ni mazuri, lakini muulize mwenyewe pia: likishuka linafanya nini? Likilowa linavuta upande gani? Wewe ukiwa na mzigo unalishikaje? Muulize polepole, mbele ya chai, kwa sababu atahitaji muda kukumbuka anavyofanya bila kufikiri.

Sasa najua hapa wapo vijana wanaosoma kompyuta, na wengine wamekwisha nidokeza kwamba siku hizi mtu anaweza kuunda njia yake mwenyewe akaiingiza mchezoni. Fanyeni hivyo. Undeni njia ya Masasi hadi Newala. Ila mkiitaka iwe ya kweli, nitawapa kazi kidogo.

Katika michezo niliyoicheza, mvua hupunguza mshiko kila mahali. Huku kwetu siyo. Mchanga mwekundu wa juu ya uwanda, mkavu wa mwezi wa Septemba, ni mlegevu hata lori tupu linazama. Tunapunguza upepo wa matairi ndipo tunapita. Mvua ya kwanza ikinyesha, mchanga ule ule unashikamana na unapita ukiimba. Lakini penye udongo wa mfinyanzi, mvua hiyo hiyo inautelezesha kama sabuni ya mche. Mvua moja imeitengeneza barabara hapa na kuiharibu pale, nanyi muiweke hivyo.

Tena wekeni jambo hili, ambalo hata baadhi ya madereva hawaliamini. Juu ya lami, tairi likifungwa kabisa kwa breki, gari linasimama mbali zaidi. Juu ya kokoto na mchanga uliolegea, tairi lililofungwa hulima, hujikusanyia tuta mbele yake, na tuta hilo hulisimamisha. Ndiyo sababu magari ya kisasa yenye breki zinazojiachia zenyewe huweza kuchukua nafasi ndefu zaidi kusimama kwenye barabara ya mchanga, na dereva anashangaa gari la thamani limemwangusha. Ila tairi likifungwa usukani nao haukusikii tena, kwa hiyo chagueni.

Wekeni mawimbi ya barabara yaliyo kama bati la nyumba, ambayo ukienda polepole yanakung’oa meno, na ukienda kasi gari linapita juu ya migongo yake kwa ulaini wa kudanganya, magurudumu yakiwa nusu ya muda hewani. Wekeni mbuzi. Wekeni watu kumi na mmoja ndani ya Probox, kwa sababu gari lenye watu kumi na mmoja si gari lile lile lenye wawili, na huyo wa kumi na moja aliyekaa na dereva kiti kimoja ana goti mahali pa gia.

Na fanyeni mapema. Lami ya kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, imekwisha kamilika, na katika miaka hii ya 2020 kazi imekuwa ikiendelea katika kilomita 160 za kutoka Mnivata, kupitia Newala, hadi hapa Masasi. Mimi naifurahia lami, nisije nikaeleweka vibaya. Wagonjwa na mazao yamesubiri vya kutosha. Lami itaondoa mchanga na mawimbi. Ukingo wa uwanda haitauondoa. Magari yatakuwa na mwendo zaidi yakifika pale juu, na madereva wanaojua gia ya kushukia watakuwa wachache zaidi, kwa kuwa kwa kilomita nyingi nyuma yao barabara haikuwauliza chochote. Huko nyuma ya ukumbi wameketi wazee wanne waliowahi kuendesha malori na Landrova mteremko huo. Sijawaomba ruhusa, lakini leo hawana kazi. Waendeeni na daftari. Mkiwauliza “uendeshaji wako ulikuwaje” watawaambia ulikuwa mzuri. Waulizeni gari fulani lilikuwa na tabia gani, mtaandika hadi jua lizame.

Baada ya chakula, Hilux yangu itakuwa chini ya mwembe karibu na karakana, boneti likiwa wazi. Mwalimu wa zamu amekubali mje kumi kumi. Hakuna kuliwasha, mtaligusa, mtalinusa, mtalisukuma, mtatikisa usukani na kukanyaga kila kitu kinachokanyagwa. Lina kasoro tatu ninazozijua, na mbili kati ya hizo mtu makini atazipata bila spana. Tangu wiki iliyopita lina mlio mwingine upande wa kushoto nyuma, ambao unasikika likiwa na mzigo tu, na mpaka leo asubuhi nilikuwa sijaupata. Atakayeupata aje aniambie kabla sijaondoka, maana jioni napanda nalo Newala.